Miti na Vitanzi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimechora mabomba ya maji kwa ajili ya makandarasi wa Mkoa wa Pwani. Cheti changu ni cha ufundi. Hisabati ya mabomba hayo niliipata ukubwani, kwenye baraza la mwalimu mstaafu pale Tangini, Kibaha.

Mwalimu alikuwa amefundisha kidato cha tano na sita, na alipostaafu hakutaka kufuga kuku. Alikusanya watu wa kusoma nadharia ya mitandao: walimu wawili wa sekondari, kijana wa shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mzee aliyekuwa fundi wa ishara za reli, na mimi. Tulikutana Jumamosi baada ya alasiri. Sharti lilikuwa moja: hatuhami mstari mpaka mwenye elimu ndogo kuliko wote auchore. Huyo nilikuwa mimi, kwa hiyo mwendo wa kundi zima ulikuwa mwendo wangu. Kijana wa chuo alinuna mwanzoni, akazoea.

Tulianza na Euler na madaraja saba ya Königsberg, karatasi ya 1736. Swali ni kama mtu anaweza kuyavuka yote bila kurudia hata moja. Euler aliitupa ramani, akabaki na sehemu nne za nchi kavu na madaraja yanayozigusa. Kila sehemu ina madaraja ya idadi witiri, basi haiwezekani, kwisha maneno. Mimi nilikuwa nalipwa kwa mita na kwa kipenyo. Kumwona mtu akifuta urefu wote na jibu likapatikana kulinikosesha raha wiki nzima.

Tulipofika kwa Kirchhoff, aliyehesabu vitanzi vya nyaya za umeme mwaka 1847, Mwalimu alinigeukia.

"Fundi, mtandao wako una vitanzi vingapi?"

"Mwalimu, sisi hatuhesabu vitanzi. Tunahesabu mita."

"Basi chukua idadi ya mabomba, toa idadi ya maungio, ongeza moja."

Nilikuwa na mchoro wa mtaa mmoja mkobani. Maungio 40, mabomba 39. Jibu likawa sifuri. Mtandao usio na kitanzi huitwa mti, na nilipopekua michoro yangu ya nyuma nikakuta karibu yote ni miti. Sababu haina siri: mti ndio unaounganisha watu wote kwa mabomba machache kuliko mpango mwingine wowote, na mkandarasi anayeshindania zabuni hatii bomba lisiloongeza mteja. Ila kwenye mti, ukikata tawi lolote, wote walio mbele ya mkato wanakauka. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi unasukuma maji tangu 1959, na bomba lake kuu linafuata Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha hadi Kibamba na Kimara. Greda likigusa tawi moja la mtaani, boza na madumu vinaanza biashara siku hiyohiyo.

Hata Kisarawe, iliyopata bomba kutoka Kibamba mwaka 2020, nilianza kuitazama hivyo. Mji uko juu ya vilima vya Pugu, na kila mita 10 za kupanda hula presha ya karibu baa moja. Maji yale ni neema, sibishi. Kwa jicho la Euler, hata hivyo, ni jani lililoning'inia kwenye ncha ya tawi.

Karatasi iliyonifaa kuliko zote ni ya Hardy Cross wa Chuo Kikuu cha Illinois, 1936. Unabahatisha kiasi cha maji katika kila bomba, mradi yanayoingia kwenye kila ungio yalingane na yanayotoka. Kisha unazunguka kitanzi ukijumlisha presha inayopotea. Ukirudi ulipoanzia jumla lazima iwe sifuri, kwa sababu mahali pamoja hapawezi kuwa na presha mbili. Haiwi. Unakokotoa sahihisho, unalipitisha katika kitanzi kizima, unahamia kitanzi cha pili, nacho kinakuvurugia cha kwanza. Ni kama kusuluhisha majirani wanaogombea mpaka: ukimridhisha huyu, yule analalamika, ila kila safari kwa sauti ndogo zaidi. Vitanzi viwili vilitumaliza jioni nzima na kikokotoo cha dukani. Baadaye kijana alileta EPANET, programu ya bure ya serikali ya Marekani iliyotoka 1993, ikamaliza kazi ile kufumba na kufumbua. Nashukuru tulianza kwa mkono, maana kompyuta haikuonyeshi kitanzi kipi ndicho mkorofi.

Mzee wa reli aliwapenda Ford na Fulkerson, 1956: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita katika mtandao ni sawa na uwezo wa mkato mdogo kabisa unaotenganisha chanzo na kikomo. Alipojua kwamba swali hilo lilitokana na ripoti ya siri ya Marekani ya 1955 kuhusu reli za Wasovieti, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe walikuwa wanatafuta pa kukata!"

Mitandao ya kubahatisha ya Erdős na Rényi, na ile ya Barabási yenye maungio machache yaliyoungwa na maelfu, iliwanogea wasomi. Mimi iliniacha kavu. Hakuna ungio la mabomba mia; mtaro una gharama na fundi ana mikono miwili.

Tangu hapo nikawa nachora kitanzi katika kila mpango, na mara nyingi kilifutwa kwenye bajeti. Kwa hiyo nawaambia vijana mnaochora leo: kabla ya kutia saini, hesabuni mabomba, toeni maungio, ongezeni moja. Ikitoka sifuri, msisaini kabla hamjamwonyesha mwenye mradi ni mitaa ipi itakauka bomba moja likipasuka.