Kuserereka

Kabla hujamfundisha mtoto jambo, sharti uwe na neno lake. Mimi nilikwama hapo hapo. Hapa Oslo nyumbani kwetu tuna sheria moja tu: mlango ukifungwa, Kiswahili. Sasa shule ilipotangaza siku ya skii, binti yetu wa miaka sita akauliza, "Mama, sisi tunasemaje?" Nikamwambia kuteleza. Akanitazama. Kuteleza anakujua, ni kile kinachompata mtu bafuni akikanyaga sabuni. "Kwa hiyo tunakwenda kuanguka?"

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Mume wangu ni mtu wa Korogwe, amekulia Manundu akisikiliza treni. Barafu tuliyoijua sote wawili ni ile ya ukwaju, ya kifuko cha nailoni, unang'ata pembeni na kufyonza. Huku nako wenyeji wanajisifu kwamba wanazaliwa na skii miguuni, na ukiviona vitoto vya miaka mitatu vikishuka kilima bila fimbo unakaribia kuamini.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani lazima? Si lazima. Watu wetu wengi hapa wamekaa miaka ishirini na hawajavaa skii hata siku moja, na maisha yanakwenda. Lakini mwaka uliotangulia, alipokuwa bado chekechea, siku kama hiyo binti yetu alisema tumbo linamuuma, akabaki ndani na watoto wawili wengine. Jioni akaniambia, "Sisi si watu wa theluji." Hakulia. Alisema vile vile mtu anavyosema sisi hatuli nguruwe. Hilo ndilo lililoniuma. Mtoto kazaliwa hapa hapa, Handeni ameiona mara mbili tu, na tayari ameshajichorea mpaka.

Baba yake alipinga kwa hesabu. Skii, viatu vyake maalumu, fimbo, glovu, zidisha kwa wanne, na mguu wa mtoto unakua kila mwaka. Alikuwa na haki. Ila kuna vituo vya BUA vinavyoazima vifaa vya michezo kwa watoto bila malipo, na sisi wakubwa tukavaa mtumba. Ndiyo, hata Oslo mtumba upo, na ni mtumba mzuri.

Kilichomlainisha kabisa lakini ni Philip Boit. Niliwasimulia wote watatu usiku mmoja kitandani. Mkenya, mkimbiaji wa Eldoret, alianza kujifunza skii Finland mwaka 1996 kwa gharama za Nike, na 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya Nagano, kilomita 10. Mnorwe Bjørn Dæhlie akashinda. Boit akawa wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma, na Dæhlie akabaki pale mwisho akimngoja ili amkumbatie. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kisa hiki Wanorwe wanakipenda mno, na kwao nyota wake ni Dæhlie aliyengoja. Sawa, aliungwana. Mimi nampenda Boit kwa jambo lingine: alirudi. Salt Lake City 2002 yumo, Torino 2006 yumo. Mtu aliyekuja kuchekesha watu harudi mara mbili. Mume wangu yeye alisikia neno moja tu. "Mkenya? Mkenya kaweza? Basi Jumamosi twende."

Tukapanda treni namba moja hadi Frognerseteren, juu kabisa ya mji. Njia ya skii ina mifereji miwili iliyokandamizwa na mashine, mguu huu huku, ule kule, nayo inanyooka hadi inapotelea kwenye misonobari. Mume wangu akainama akaigusa. "Hii si reli hii?" Ikawa hivyo. Yeye kichwa cha treni, watoto mabehewa, safari ya Tanga hadi Moshi. Korogwe tukafika. Mombo hatukufika, kwa sababu mdogo, miaka minne, alishuka njiani, akakaa chini, akaanza kula theluji. Akatoa hukumu: haina sukari.

Mlima una namna yake. Unatanua ncha za skii nje, visigino ndani, na nyuma yako inabaki alama kama mifupa ya samaki. Ndivyo Wanorwe wanavyoiita hasa. Kushuka ndiko kazi. Binti alikuwa anakakamaa miguu, kisha chini. Mara tatu, mara nne. Sikuwa na ufundi wowote wa kumpa, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikilia mti. Nikakumbuka ndoo.

Handeni maji ni habari ndefu. Yakitoka bombani ni yale ya mradi wa HTM, yanayosukumwa kutoka mto Pangani upande wa Korogwe (mume wangu hachoki kunikumbusha tulikunywa mto wake). Yasipotoka, unafuata kisima. Nilikuwa nashuka na ndoo kichwani, majani yameelea juu maji yasiruke, mikono huru: shingo imetulia, magoti laini, macho mbele, hatua fupi. "Jifanye una ndoo," nikamwambia. "Usimwage." Akashuka. Pole pole, mdomo umefunguka, akafika chini kasimama.

Tulikula machungwa tumekaa kwenye theluji, desturi ya wenyeji hasa Pasaka, pamoja na chokoleti yao ya Kvikk Lunsj. Machungwa ya Hispania, mazuri kwa sura. Ya kwetu ya kijani yana utamu zaidi na sibishani na mtu.

Usiku tukampigia mama yangu kwa video. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, kisha moja kwa moja kwangu: "Mnataka mtoto apate kichomi?" Nikamwonyesha picha za kilimani. Akasogeza simu karibu. "Kumbe anaserereka. Kama nyie pale mwambani, mlivyokuwa mnanimalizia chupi." Binti akalidaka neno hapo hapo, akaliimba hadi akalala. Mama hakukata simu. Akauliza theluji ikiyeyuka inakuwa maji? Inakuwa maji, mama. Mengi? Mengi. Akanyamaza kidogo. "Na yote yanaachwa yaende hivi hivi?"

Siku ya shule binti alikwenda. Tumbo halikuuma. Aliporudi nilimkuta barazani anavua viatu, mashavu mekundu, akasema ameserereka vilima vyote na kwenye kundi lake amekuwa wa mwisho. Nikamuuliza, kuna aliyekungoja pale mwisho?

"Hapana. Wote walikuwa wanakula."

Akafungua begi, akatoa glovu moja. Ya pili hadi leo hatujaiona.