Mfasiri Niliyemtanguliza

Maisha yangu ya kazi yalikuwa ya kutafuta wafasiri wa maandishi ya saikolojia, na hakuna lugha iliyonilazimu kubadili vigezo vyangu kama Kilithuania kinapofasiriwa kwa Kiingereza. Kanuni niliyoikuta kazini ni kwamba mfasiri aandike kwa lugha yake ya kwanza. Kwa Kifaransa au Kijerumani inatekelezeka. Lakini Lithuania ina watu wasiozidi milioni tatu, na wageni waliojifunza lugha yao hadi kuimudu ripoti ya mgonjwa ni wachache mno. Ukitaka na saikolojia awe anaijua, utasubiri sana. Ndipo nikashika msimamo ambao sijauacha: kwa maandishi haya, atangulizwe Mlithuania aliyesomea saikolojia, hata kama Kiingereza chake kina mikwaruzo.

Sababu imo ndani ya lugha yenyewe. Kilithuania kina umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba msemaji anasimulia alichoambiwa, si alichokishuhudia. *Tėvas gėrė* ni kusema baba alikuwa akinywa pombe. *Tėvas gėręs* ni jambo lilelile, ila kwa maelezo ya mtu mwingine. Sisi tungeingiza "eti", lakini eti yetu hubeba shaka, na umbo hili si lazima libebe shaka yoyote. Katika historia ya mgonjwa, mwisho huo mdogo wa neno ndio unaotenga alichokithibitisha mwanasaikolojia na alichosimuliwa. Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo la namna hiyo. Asiyeliona ataandika kwamba baba alikuwa mlevi, na tuhuma itakuwa imegeuka ukweli. Hojaji nazo zina mitego yake: aliyeridhika ni *patenkintas* akiwa mwanamume, *patenkinta* akiwa mwanamke, na kitenzi cha nafsi ya tatu hakitofautishi mmoja na wengi.

Wenzangu walinipinga kwa hoja nzito, kwamba Kiingereza kibovu humwondolea msomaji imani na mwandishi. Ni kweli. Ila kosa la Kiingereza huonekana, na mhariri asiyejua hata neno moja la Kilithuania atalirekebisha. Kosa la kutoelewa hujificha chini ya sentensi laini, wala mhariri huyo hana pa kulishikia. Kwa sababu hiyohiyo tafsiri ya kompyuta, ambayo siku hizi inasomeka vizuri kuliko ya watu wengi, hainitulizi: ulaini wake ndio unaomzuia msomaji kuuliza. Walisema pia kuwalipa watu wawili ni ghali. Nami niliona heri kulipa mara mbili kuliko kumbandika baba wa mgonjwa ulevi ambao hakuna aliyeuthibitisha.

Kwa hiyo jaribio nililowapa waombaji halikuanza na tafsiri. Walipewa aya moja ya historia ya mgonjwa, wakaombwa kwanza waandike maswali yao kwa mwandishi. Aliyeuliza ni nani aliyesema kwamba baba alikunywa ndiye niliyempa kazi.