Karatasi ya Miaka Kumi

Ninyi wenzangu tuliokaa bweni moja mwakumbuka jinsi nilivyopenda gramafoni ya shule kuliko hesabu. Ugonjwa huo haukupona. Mwaka 2019 nilinunua hapa Kampala amplifaya ya fahari, iliyokwisha tumika, kwa bwana mmoja aliyekuwa akihama. Nusu ya fedha ilikuwa ya baba yangu, fedha ya kahawa, maana sahani za santuri zote ni zake. Mzee aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, itadumu?" Nikamwonyesha karatasi: dhamana ya miaka 10. Akaikunja, akaitia sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Usiku mmoja mwaka 2022 upande wa kushoto ulinyamaza, na harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Sikuona taabu, niliwaandikia waliokiunda chombo. Jibu lao lilikuwa la adabu sana: dhamana ni ya mnunuzi wa kwanza tu, tena katika nchi alimonunua. Nikaisoma karatasi upya. Yote yalikuwamo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Siku nne nilimkwepa mzee. Kwa hasira nikaanza kusoma dhamana za makampuni mengine, nikaona kwamba hazifanani hata kidogo. Kampuni ya Bryston, ya Peterborough huko Kanada, imejulikana miaka mingi kwa kudhamini amplifaya zake miaka 20, na dhamana hiyo hufuata chombo, si mtu. Ukikiuza, wa pili huirithi. Lakini vyombo vyake vya dijiti ilivipa miaka 5 tu. Kumbe hata mkarimu huhesabu.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa Katwe. Alifungua kifuniko, akanionyesha kapasita mbili zilizovimba vichwa. Alinieleza kwamba ndani yake mna maji ya dawa ambayo hukauka kwa joto, na kila joto linapozidi nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Kisha akauliza, "Mliiweka wapi?"

Nikaona haya. Iliwekwa kabatini, na juu ya matundu yake ya hewa mama alitandika kitambaa chake cha kufuma, kwa heshima.

Jioni nilimweleza mzee kila kitu, na habari ya kitambaa pia. Hakukasirika. Aliuliza, "Na huyo fundi amekupa miaka mingapi?"

"Miezi 3, baba. Kwa mdomo."

"Lakini mlango wake waujua?"

"Naujua."

Akaniambia nimlipe. Amplifaya iliporudi tuliiweka mezani, peupe, nasi tukasikiliza santuri mpaka usiku wa manane. Kitambaa mama alikihamishia kwenye redio, wala hakusema nami mpaka kesho yake.