Kukoga Mwaka Mbali na Makunduchi

Nimeombwa niandike machache juu ya mila za kwetu Unguja, ili watoto waliozaliwa hapa North Buffalo wapate kujua wazee wao wametoka wapi. Mila ni nyingi na kurasa ni chache, basi nimechagua moja niliyokua nayo, nayo ni kukoga mwaka kwetu Makunduchi.

Kwanza hesabu yake, maana mwalimu hata akistaafu haachi ubao. Sisi tulilelewa na kalenda tatu. Ya skuli ilikuwa hii ya Januari mpaka Disemba. Ya chuoni ilikuwa ya mwezi, yenye siku 354 au 355, na ndiyo maana Ramadhani na Idi zote mbili huzunguka majira yote. Ya tatu ilikuwa ya wakulima na wavuvi, yaani Nairuzi, jina lililotoka kwa Waajemi, maana yake siku mpya. Mwaka huo una siku 365: miongo 36, kila mwongo siku 10, kisha siku 5 za kukamilisha. Mkulima akihesabu miongo apate kujua wakati wa kupanda, na nahodha apate kujua kusi litakaza lini na kaskazi itaanza lini. Hesabu hii haina mwaka wa siku 366, kwa hiyo siku ya mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Wairani waliirekebisha yao, wakabaki na Machi. Ya kwetu imeachwa itembee, na siku hizi mwaka unakogwa Julai.

Mkesha wake ndio kibunzi. Asubuhi watu walikwenda kukoga baharini, kisha nguo mpya zikavaliwa. Uwanjani wanaume walijigawa pande mbili wakapigana kwa migomba. Mgomba mbichi una maji mengi, unauma lakini hauvunji mfupa, na utomvu wake hautoki nguoni hata ufue vipi. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake alikitoa pale pale mbele ya watu, na jua likitua neno limekwisha. Kinamama walipita wakiimba, na katika nyimbo zao kila mwanamume aliyefanya jambo la aibu mwaka ule alijisikia akitajwa kwa mafumbo. Mwisho hujengwa kibanda cha makuti, mzee mmoja huingia ndani, kikatiwa moto naye akachomoka mbio, na watu huangalia moshi unaelekea wapi. Baada ya hapo ni kula. Nyumba isiyokuwa na mgeni siku hiyo ilihesabiwa kuwa haina raha, hata watu wakitoka njiani kumtafuta mpita njia wamwingize ndani.

Najua wako miongoni mwetu wanaosema mambo haya si ya dini. Sibishani nao. Maalim wangu wa chuo, Mungu amrehemu, hakukanyaga uwanjani hata siku moja, na habari za moshi hakutaka kuzisikia. Lakini siku ile alitupa ruhusa, na jioni akila chakula cha mwaka kwa jirani yake. Akituambia kupatanisha waliogombana ni ibada, na anayepata siku ya kufanyia hivyo asiipoteze.

Maneno yake niliyakumbuka baada ya ile dhoruba ya theluji ya Krismasi 2022, iliyoua watu zaidi ya 40 katika eneo letu hili. Magari yalikatazwa barabarani na nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Jamaa mmoja katika sisi alikaa na watoto katika baridi usiku kucha, akampigia simu mwenzake anayekaa mtaa wa pili, simu haikupokewa. Mwenzake alisema simu yake ilikuwa imezima. Huyu hakuamini, na yule alikasirika kwa kutoaminiwa. Theluji iliyeyuka, wao hawakuyeyuka. Mazikoni walisimama mbalimbali, na watoto wao waliocheza pamoja wakaambiwa wasisemezane.

Julai 2023 tukasema mwaka huu tukoge mwaka. Tulikwenda Grand Island, kisiwa kilichomo ndani ya Mto Niagara, penye ufukwe wa mchanga. Maji yake ni baridi na hayana chumvi, hayajui bamvua wala maji mafu, lakini ni maji. Kibanda hatukuchoma, tulichoma samaki. Migomba haiko huku, basi vijana walileta yale magongo ya sponji wanayoogelea nayo, wakagawana pande mbili kama nilivyowaeleza.

Wale jamaa wawili walikuja wote, kila mmoja akidhani mwenziwe hatakuja. Mzee mmoja akawatia gongo mkononi bila ya kuwauliza. Mwanzo walipigana kwa hasira kweli, sponji ikakatika vipande. Kisha yule wa simu akasema, "Nipige tena, lakini usiku ule simu ilikuwa imezima wallahi." Mwenzake akakaa chini mchangani, akasema, "Mwanangu mdogo alikuwa amebadilika rangi, kaka." Hilo alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Sitasema wamekuwa marafiki kama zamani. Wanaamkiana, na watoto wao wamerudi kucheza.

Mgeni wetu siku ile alikuwa jirani, bibi mzee wa Kipolandi. Alipoona watu wazima wanachapana alicheka mpaka akatoka machozi, akatueleza kuwa kwao Jumatatu ya Pasaka watu humwagiana maji na kuchapana kwa vijiti vya mti wenye machipukizi laini. Siku hiyo huitwa Dyngus, na hapa Buffalo husherehekewa kwa maandamano makubwa. Babu zake waliileta ng'ambo hii, na wajukuu hawajaiacha.

Nawaomba wazazi tufanye mambo matatu. Wafundisheni watoto majina ya kusi na kaskazi, vuli na masika, hata kama dirishani wanaona theluji. Julai ikifika tutoke pamoja, na kila nyumba ije na mgeni asiyekuwa wa kwetu. Na mwenye neno na mwenzake alilete siku hiyo, asilirudishe nyumbani. Mimi magoti yananiuma, lakini gongo bado naweza kulishika.

Mungu atujaalie uhai na masikilizano. Amin.