Zege na Matusi

Kwa miaka mingi zege, yaani chipsi mayai, nimelila na matusi. Si ya mtu, ni yangu mwenyewe kichwani: huna haya, mwili wote huo, daktari alikwambia nini? Matusi hayo hayakupunguza hata kipande kimoja cha chipsi. Yalinifanya nile harakaharaka, kisha niongeze mishikaki na soda baridi, maana siku si imeshaharibika? Liwalo na liwe, kesho nitafunga.

Na kesho nilifunga kweli. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji matupu. Jioni nikishuka kwenye daladala, njaa huku, maneno ya bosi kule, miguu inajua yenyewe njia ya kibandani.

Aliyenishtua ni muuguzi wa kliniki ya presha. Alinisikiliza ninavyojisimanga, akaniuliza, "Dada, hayo ungemwambia mdogo wako?" Nilicheka, nikaona ananidekeza.

Baadaye nikasoma utafiti wa Claire Adams na Mark Leary wa Marekani, uliochapishwa 2007. Wanawake walipewa donati, wengine wakaambiwa wasijilaumu, kila mtu hula vitu hivi. Kisha wakawekewa peremende waonje. Wale waliozoea kujinyima, wakishaambiwa neno la upole, walikula peremende chache kuliko wenzao wasioambiwa kitu. Mimi ningeapa kwamba upole ndio unaomfungulia mtu mlango wa kula.

Siku hizi nikifika kibandani nasimama kwanza. Nani anataka, tumbo au moyo? Ukiwa moyo, nampigia dada yangu simu, wakati mwingine nanunua hivyohivyo. Ila nakula nimekaa, simu iko mkobani. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilimtazama kijana akipiga mayai kwenye kikombe, akayamwaga, kingo zikafura. Nikatafuna taratibu. Chumvi kali! Na mafuta yana ladha ya samaki wa mchana. Miaka yote ile nilikuwa nameza tu.

Dawa za presha bado natumia, upole hauchukui nafasi yake. Zege naagiza nusu, kachumbari nyingi, na yule kijana haachi kuniuliza kama naumwa. Mtihani wangu ni harusini: shangazi akishika upawa wa pilau haulizi kama umeshiba. Hapo nakula, na asubuhi yake nakunywa uji wangu kama kawaida.