Na Mwandishi Wetu

Kwenye gazeti la kwanza nililofanyia kazi, jina langu halikuchapishwa kwa miaka mitatu. Habari zangu zilitoka, nyingine hata ukurasa wa mbele, lakini chini ya kichwa cha habari yalikaa yale maneno ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili anayajua: Na Mwandishi Wetu. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari, na mhariri alikuwa na msimamo wake kwamba jina ni la walioajiriwa. "Wewe andika," aliniambia. "Watu wanasoma habari, hawasomi jina."

Sikubisha. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Ila jioni ile, nimesimama kwenye daladala, nilimkumbuka Warren Robinett.

Kwa asiyemjua: Robinett alikuwa mtengenezaji wa gemu katika kampuni ya Atari, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Enzi hizo gemu moja ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyeibuni, akaichora, akaiandikia programu, akaitia sauti. Pamoja na yote hayo, Atari haikuandika jina lake popote, si kwenye boksi, si kwenye skrini. Mwaka 1979 watengenezaji wake wanne, waliochoshwa na kutotajwa na kulipwa kidogo, walishiriki kuanzisha kampuni yao, Activision. Robinett alikuwa na njia nyingine. Alikuwa anatengeneza gemu iitwayo Adventure, ya kutafuta kikombe cha kichawi kati ya makasri na majoka. Gemu nzima iliingia kwenye kilobaiti 4, nafasi ambayo leo haitoshi hata picha moja ya simu. Na katika nafasi hiyo finyu, akabana chumba cha siri.

Kukifikia si mchezo. Ndani ya kasri jeusi kuna kitone kimoja, rangi yake ni ile ile ya sakafu, kwa hiyo hakionekani. Ukikipata kwa kupapasa, ukakibeba mpaka kwenye njia fulani chini ya kasri la dhahabu, kuna ukuta utakuachia upite. Ng'ambo yake kuna chumba kitupu, na katikati ya chumba maneno yanayosema kwamba gemu hii imetengenezwa na Warren Robinett. Basi. Hakuna hazina, hakuna silaha. Ni jina tu.

Hakumwambia mtu, hata wenzake wa ofisini. Aliacha kazi siri yake ikiwa bado haijajulikana. Baadaye kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City akaigundua na kuiandikia Atari barua. Kuiondoa kungegharimu pesa, na Steve Wright, mmoja wa wakubwa pale, akasema iachwe, tena gemu nyingine nazo ziwekewe vitu kama hivyo, wachezaji wavitafute kama watoto wa kwao wanavyotafuta mayai yaliyofichwa bustanini siku ya Pasaka. Jina likabaki hapo: mayai ya Pasaka. Kwetu Pasaka ni pilau na nguo mpya, yai halifichwi, linaliwa. Lakini maana tumeielewa. Adventure haikuwa gemu ya kwanza kufichwa kitu, ila ndiyo iliyovipa vitu hivyo jina.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili hatuna haja ya kushangaa sana. Watunzi wa tenzi za zamani walikuwa na desturi ya kutaja majina yao kwenye beti za mwisho, wengine wakaongeza mwaka na idadi ya beti, ili mnakili asije akapunguza wala mwingine asije akajitwalia. Robinett alifanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba yeye hakuruhusiwa.

Mimi sikuyajua mayai ya Pasaka kwa Robinett. Niliyajua kwenye kibanda cha mabanzi, Morogoro, ambako gemu moja ilikuwa shilingi 50. Mtoto wa kike hakutakiwa mle ndani. Mwanzoni nilikuwa napiga chabo kwenye ufa wa mbao, mpaka siku kaka yangu aliponishika mkono, akaniingiza na kunikalisha kwenye kreti la soda pembeni yake. "Huyu ni wangu," alimwambia mwenye kibanda. Akanipa pedi ya pili.

Tulicheza Contra. Wanajeshi wawili vifua wazi, mmoja wake, mmoja wangu, tunakimbia porini tunapiga kila kinachosogea. Kila mmoja ana roho tatu, na roho tatu kwenye Contra ni kama hela ya nauli bila ya kurudia. Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji, unapanda kwa kuruka mwamba hadi mwamba. Kaka akipanda haraka, skrini inamfuata yeye, na mimi niliyebaki chini nadedi. Hatukuwahi kuyavuka. Shilingi 50 inakwisha, tunarudi nyumbani tukilaumiana.

Halafu siku moja kaka akaja na siri. Sijui aliitoa wapi, nadhani kwa vijana wa mtaa wa pili. Kabla gemu haijaanza, ukabonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, roho zako zinakuwa 30. Alinifundisha usiku, umeme umekatika, akinigonga kwa kidole kwenye kiganja: juu, juu, chini, chini. Alinionya nisimwambie mtu. Kesho yake tuliyavuka maporomoko, na mwenye kibanda akaanza kutuangalia vibaya kwa sababu shilingi 50 yetu haikuwa inakwisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba aliyeweka mpangilio ule ni Mjapani, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Mwaka 1986 alikuwa na kazi ya kuihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, na wakati wa kuijaribu ikamshinda. Akajiwekea njia ya mkato, vitufe ambavyo yeye mwenyewe asingevisahau, ili apewe silaha zote. Gemu ikatoka na njia ile ikiwa ndani. Konami wakaja kuiweka kwenye gemu nyingine, Contra ikiwamo. Hashimoto alifariki Februari 2020. Nilipoona habari ile, nilitaka kumpelekea kaka. Sikumpelekea. Tulikuwa tumeshaanza kutoelewana.

Nitalifikia hilo. Kwanza niseme kwamba si kila siri ya gemu naipenda. Siku hizi kampuni kubwa zinapanga siri zake mezani, pamoja na idara ya masoko, na wiki ya kwanza tu kuna video ya siri 50 usizozijua. Hiyo ni tangazo lililojificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana. Ninazozipenda ni zile zinazoonyesha kwamba kulikuwa na mtu, amechoka, saa nane usiku, akacheka peke yake. Tukiwa hosteli za Mabibo, wenzetu walikuwa na kompyuta moja yenye GTA San Andreas, gemu ya mwaka 2004. Kuna daraja kubwa jekundu mle. Jamaa mmoja alitumia jioni nzima kufika kileleni, maana alisikia kuna kitu. Alikuta kibao. Kibao kinasema, kwa maana yake, huku juu hakuna yai lolote la Pasaka, nenda zako. Chumba kizima tulicheka mpaka mlinzi akaja.

Gemu hiyo hiyo ilikuwa na uvumi wa jitu la porini lenye manyoya, Bigfoot. Tulikesha tukilisaka. Waliotengeneza gemu walikanusha kwamba limo, na kweli halikuwamo. Mwaka 2013, kwenye GTA V, wakatuwekea kazi ya kumwinda. Ukimfukuza ukamkamata, unakuta ni mtu aliyevaa manyoya. Hiyo nayo naihesabu, kwa kuwa ni jibu kwa watu waliotafuta kitu kisichokuwapo kwa karibu miaka kumi.

Lakini ukinilazimisha nichague moja, nitachagua ya Golf. Mwaka 2017, miezi michache baada ya Nintendo Switch kuingia sokoni, watu waligundua kwamba ndani ya mashine yenyewe kumefichwa gemu ya Golf ya mwaka 1984. Programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, miaka mingi kabla hajawa rais wa Nintendo. Haifunguki hivi hivi. Mpaka mashine ijue kuwa leo ni tarehe 11 Julai, na mchezaji ashike pedi mbili, moja kila mkono, azisogeze kama Iwata alivyozoea kusogeza mikono yake alipoongea na wachezaji kwenye video. Tarehe 11 Julai ndiyo siku aliyofariki, mwaka 2015. Baadaye mashine ikasasishwa na Golf ikaondolewa. Mimi niliisoma habari hiyo nikiwa msibani. Baba alikuwa amezikwa siku nne kabla.

Nyumba ya Morogoro ndiyo iliyotugombanisha. Kaka alitaka iuzwe tugawane, ana watoto wanaosoma. Mimi nilitaka ibaki. Tulisemana mbele ya wazee, na nilimwambia jambo moja ambalo sitaliandika hapa. Baada ya hapo tukawa tunawasiliana kupitia kwa mama. "Mwambie kaka yako." "Mwambie mdogo wako." Miaka miwili ikapita, tukaingia wa tatu.

Wakati huo gazetini nilikuwa nimepewa safu ya Jumapili, maisha ya mjini, bado Na Mwandishi Wetu. Mama alikuwa anajua ni yangu na alimwambia kaka, kwa hiyo nilijua kwamba naye anajua. Sikujua kama anasoma.

Wiki moja nikaandika kuhusu wachukuzi wa Kariakoo, wanaobeba mizigo kwenye maghorofa lifti zinapokuwa mbovu. Katikati ya makala niliandika kwamba mchukuzi siku nzima ni juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka stoo B, kisha stoo A. Niliisoma mara tatu. Kwa msomaji wa kawaida ni sentensi ya mtu aliyechoka kupanda ngazi. Nikaituma na mikono inatetemeka kama mwizi.

Jumapili asubuhi nilinunua gazeti kabla ya chai. Ilikuwa: juu, chini, chini, kushoto, kulia. Juu moja haikuwapo.

Jumatatu nikamfuata msanifu kurasa. Akaniambia safu ilikuwa imezidi neno moja, limedondokea kwenye mstari wa peke yake chini kabisa. "Nikatafuta neno linalojirudia nikalitoa. Hakuna kilichoharibika, dada." Ningemwambia nini? Kwamba ameniharibia roho 30? Nikamshukuru. Nikarudi kwenye meza yangu nikijiambia kwamba ndiyo maana Robinett hakumwambia mtu.

Jumatano usiku ikaingia meseji, namba ya kaka. Meseji yake ya kwanza kwa zaidi ya miaka miwili.

"Dogo umesahau juu moja. Kwa hiyo uliyoandika tunafia kwenye maporomoko."

Nilikaa nayo muda mrefu. Nimefikiri sana tangu siku ile, na bado sina hakika kama sentensi kamili ingemfanya aandike. Pengine angeiona, akatabasamu, akakunja gazeti. Kaka ni mtu wa kurekebisha, hawezi kuona kitu kimekosewa akakiacha. Huenda msanifu kurasa ndiye aliyenisaidia.

Nikamjibu, "Si mimi, ni watu wa kurasa."

Akapiga simu. Tuliongea karibu saa nzima. Tuliongelea kibanda, mwenye kibanda, lile kreti la soda, na kwamba Hashimoto amefariki, habari ambayo nilichelewa kumpa. Kuhusu nyumba hatukugusa kitu. Lile jambo nililomwambia mbele ya wazee nililiomba msamaha mwishoni, haraka haraka, naye akasema, "Haya, lala," kama alivyokuwa akisema zamani.

Nyumba bado haijauzwa na haijagawanywa. Kikao cha ukoo kiko mbele yetu, na najua hatutakubaliana. Ila siku hizi akiwa na neno ananipigia mwenyewe, hapitii kwa mama.