Gari Linalowashwa na Mtu Aliye Mbali Nalo

Ndugu zetu walioko Tanga wamekuwa wakituuliza kwa mshangao juu ya rimoti ndogo ambayo sisi tuishio Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huibonyeza tukiwa jikoni, na gari lililoko nje likaanza kunguruma bila mtu ndani. Wapo waliodhani ni anasa ya watu waliozidiwa na neema. Wapo waliodhani tunawatania. Tumeona ni vyema tueleze katika ukurasa huu wa familia kilichotufanya tukifunge kifaa hicho, namna kinavyofanya kazi, na masharti tuliyojiwekea kabla ya kukiingiza katika nyumba yenye watoto.

Kwanza tuieleze baridi yenyewe, kwa sababu neno hilo kwa mtu wa pwani lina maana ya upepo wa mwezi wa Julai na shuka la ziada. Friza ya kuhifadhia samaki huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019, mji wa Minneapolis uliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, na siku hiyo hata watu wa posta walisitisha kusambaza barua. Huko Tower, kaskazini mwa jimbo hilohilo, tarehe 2 Februari 1996 kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, nayo ndiyo rekodi ya jimbo. Siku za namna hiyo ni chache, lakini asubuhi za nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri si habari ya kumshangaza mtu hapa. Basi anayetoka kwenda kazini huingia ndani ya friza yenye viti.

Gari nalo huteseka. Oili ya injini huwa nzito, ikatiririka kwa shida. Betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ilhali injini iliyoganda hudai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Vioo hufunikwa na barafu ngumu ambayo haiondoki kwa maji wala kitambaa, bali kwa kukwanguliwa. Mwezi Januari jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo, kwa hiyo kazi hiyo yote hufanywa gizani.

Tungeweza kuyavumilia hayo, kama wanavyoyavumilia wengi. Mama watoto hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kuwatunzia wazee, na sisi, kwa nafasi yetu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, huwapitia wazee wawili kwa ajili ya sala ya Alfajiri. Makoti tunayo, na glovu tunazo. Kilichotutia fikra ni kiti cha mtoto.

Mtoto wetu mdogo ana miaka miwili. Katika gari hukaa kwenye kiti chake na kufungwa mikanda mabegani na kiunoni. Wataalamu wa usalama wa watoto husisitiza kwamba mtoto asifungwe mikanda hiyo akiwa amevaa koti nene la baridi. Mkanda huonekana umekaza, kumbe umelikaza koti. Gari likigonga, koti hubonyea kwa nguvu ya pigo, nafasi hubaki kati ya mkanda na mwili, na mtoto anaweza kuchomoka kitini. Namna iliyo salama ni kumvua koti, kumfunga mikanda juu ya nguo nyepesi, kisha kumfunika kwa koti au blanketi juu ya mikanda. Sasa mzazi atamvuaje mtoto koti ndani ya friza? Hapo ndipo tulipoacha kuliita jambo hili anasa. Gari lililopashwa moto mapema humwezesha mzazi kumfunga mtoto inavyopaswa bila kumtetemesha.

Njia ya wengi wasio na rimoti ni kutoka, kuliwasha gari kwa ufunguo, kuliacha likinguruma, na kurudi ndani kunywa chai. Wezi wanaijua desturi hiyo vizuri kuliko polisi. Gari lenye ufunguo ndani huondoka kwa dakika moja, na Minneapolis ina sheria ndogo inayokataza kuliacha gari namna hiyo bila mtu. Gari lililowashwa kwa rimoti milango yake hubaki imefungwa, na asiye na ufunguo akilikanyaga breki ili aliondoe, injini huzimika.

Gharama ilikuwa dola 450 pamoja na kazi ya fundi. Tuliijadili fedha hiyo kwa majuma mawili, maana ilikuwa inakaribiana na ada ya mpwa wetu, na ada haiahirishwi kwa sababu ya baridi ya watu wengine. Tukakubaliana ada itangulie, na kifaa kingoje mshahara wa mwezi wa pili.

Katika majuma hayo baba yetu mzazi alitupigia simu. Ujanani alikuwa utingo wa lori la Bedford, katika zama ambazo betri ikichoka, lori huwashwa kwa hendeli. Stata ya umeme ilikwisha kuingia katika magari ya Cadillac tangu mwaka 1912, kwa ubunifu wa Charles Kettering, lakini hendeli iliendelea kuwasaidia watu wa malori kwa miaka mingi baadaye. Tulipomsimulia nia yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, sisi tulipokuwa tukizungusha hendeli, mwenye kuwasha alisimama mbele ya gari. Alijua kama liko kwenye gia. Alijua kama kuna mtoto chini yake. Hilo lenu, nani atakuwa amesimama mbele yake?"

Swali hilo lilituongoza kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Tulipouliza mafundi tulielezwa kwamba kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo kinachofichwa chini ya dashibodi na kuunganishwa na nyaya za swichi, za stata na za breki. Rimoti ikikipelekea ishara, nacho hufanya kazi ya ufunguo. Kilichofungwa vizuri kina macho yake. Hakiwashi gari ikiwa boneti limefunguliwa, ili kisimkate vidole fundi aliyeinama juu ya injini. Hakiwashi ikiwa gia haiko kwenye maegesho. Breki ikikanyagwa bila ufunguo, huzima. Na asipotokea mtu, huzima injini baada ya dakika 10 au 15. Gari la gia za mkono lina hatari yake, kwani likiachwa kwenye gia huruka mara stata inapozunguka. Mwenye gari la namna hiyo asikubali maneno mepesi ya fundi.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitutajia bei nafuu mno. Tulipodadisi tukaona siri yake. Hakukusudia kufunga swichi ya boneti, na ili kuishinda kinga ya wizi iliyomo garini, angeuficha ufunguo wa akiba ndani ya dashibodi moja kwa moja. Tukamshukuru, tukaondoka. Wa pili alitoza zaidi, lakini alitumia kifaa maalumu cha kuisomea kinga hiyo. Kisha akatufungulia boneti na kubonyeza rimoti mbele yetu, tushuhudie kwamba gari linakataa.

Lakini swichi zote hizo haziwezi kujua jambo moja: gari liko wapi. Nyumba nyingi za huku zina banda la gari lililoungana na nyumba, na chumba cha kulala huweza kuwa juu yake. Injini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa safi ya oksijeni, na mwili hukosa pumzi ilhali kifua kinapanda na kushuka. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni mafua, akalala. Aliyelala hasikii kitu. Kuufungua mlango wa banda hakutoshi, kwa kuwa gesi hupenya ukutani na katika nafasi za milango. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Sisi tuliweka vipya kabla fundi hajaligusa gari.

Kisha tukaandika masharti na kuyabandika kando ya mlango wa jikoni, kwa Kiswahili, ili bibi yao akija kututembelea naye ayasome. Gari lenye rimoti halilali bandani majira ya baridi, hulala nje. Asiyelitazama gari kupitia dirishani asibonyeze. Theluji ikianguka usiku, mtu hutoka kwanza kuifukua kwenye bomba la ekzosi, kwa sababu bomba lililozibwa huweza kuurudisha moshi ndani ya gari. Rimoti hutundikwa juu ya msumari mrefu, haikai mfukoni inakoweza kubonyezwa bila kukusudia, wala haipewi mtoto kuchezea. Muda hauzidi dakika 10, kwa kuwa injini ya kisasa haihitaji zaidi ya dakika moja hivi kabla ya kuendeshwa taratibu, na petroli inayoteketea gari limesimama ni mali inayopotea. Gari likipelekwa kwa fundi, kifaa huzimwa kabisa kwa swichi yake.

Tuseme pia kisichowezekana. Rimoti haifufui betri iliyochoka, kwa hiyo betri ipimwe kabla ya Disemba. Na penye baridi kali zaidi, watu hutumia kipasha injini kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumba, alichopewa hataza Andrew Freeman wa North Dakota mwaka 1949. Hicho huipasha injini bila kuiwasha, wala hakitoi moshi.

Huu ni msimu wetu wa pili. Asubuhi mmoja wetu husimama dirishani, hulitazama gari na bomba lake, kisha ndipo hubonyeza. Mtoto huvuliwa koti, hufungwa mikanda kifuani, hufunikwa blanketi, na safari huanza. Kwa familia zinazokusudia kufunga kifaa hiki tunatoa wasia mmoja: fedha ya kwanza inunue king'ora, na ya pili ndiyo inunue rimoti.